Uraibu wa Intaneti: Jinsi ya Kuupima Kabla ya Kuutamka

Mama akija na mwanawe akasema "huyu kaharibiwa na simu", usimkubalie wala usimbishie. Muulize kwanza: humo simuni anafanya nini? Jibu lake ndilo litakaloamua uanzie wapi. Kijana wa Makorora anayebeti usiku kucha, binti wa Chuda anayeangalia video fupi hadi adhana ya alfajiri, na mwanafunzi wa Usagara anayecheza gemu la kupigana risasi na watu asiowajua, wote watatu wameshika simu ileile. Kwa macho ya nyumbani ugonjwa wao ni mmoja. Kwa daktari ni mambo matatu, na moja tu kati ya hayo halina jina lake lenyewe kwenye orodha ya magonjwa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa washauri nasaha, walimu wa malezi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazazi wa Tanga mjini. Mwenye ruhusa ya kutoa jina la ugonjwa ni daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kazi yako wewe ni kumpelekea ushahidi uliopimwa, badala ya malalamiko.

Jina lilivyoanza, na lilipofikia

Neno lenyewe lilianza kwa mzaha. Mwaka 1995 Ivan Goldberg, daktari wa magonjwa ya akili wa New York, alitunga vigezo vya "uraibu wa intaneti" kuwakejeli wenzake waliozoea kugeuza kila tabia kuwa ugonjwa. Badala ya kucheka, baadhi ya waliovisoma wakamjibu kwamba wao wanaumwa hasa. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young alilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa wanasaikolojia wa Marekani uliofanyika Toronto, safari hii bila mzaha. Alichukua vigezo vya maradhi ya kamari, akatoa neno kamari, akaweka intaneti. Chanzo hicho kina maana hadi leo: vipimo vingi vya uraibu wa mtandao ni watoto au wajukuu wa kipimo cha kamari, ndiyo maana vinauliza sana kuhusu kudanganya, kushindwa kuacha na kuhatarisha kazi.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, uliingiza uraibu wa gemu za mtandaoni, lakini kwenye sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Vigezo vyake ni 9, na anayetimiza 5 au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabika. Vigezo hivyo ni vya gemu tu. Kamari, mitandao ya kijamii na kuperuzi kwa kawaida havimo.

Shirika la Afya Duniani lilisonga mbele zaidi. Orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, ilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Humo maradhi ya kamari yana namba 6C50, na maradhi ya gemu yana namba 6C51. Yote mawili yanaweza kuandikwa kuwa yanafanyika zaidi mtandaoni au nje ya mtandao. Kwa hiyo anayebeti simuni, mikeka yake ikichanika kila wiki na bado anakopa aweke mwingine, ni wa 6C50 hata kama hajawahi kuingia kwenye duka la kubeti. Intaneti kwake ni njia ya kufikia kamari, kama bajaji ilivyo njia ya kufika sokoni.

Video fupi, kuchati, kuposti na picha za ngono hazikupewa namba yake peke yake kama uraibu. Daktari akiridhika kwamba tabia ya namna hiyo ina sura zote za uraibu, anaweza kuiandika chini ya 6C5Y, yaani maradhi mengine ya tabia za uraibu yaliyotajwa. Ndiyo maana ukiandika "uraibu wa intaneti" kwenye karatasi ya rufaa, daktari atalazimika kuanza upya kumuuliza mgonjwa swali lile lile la mwanzo: humo simuni unafanya nini?

Mambo matatu ya ICD-11, na kwa nini saa hazimo

Kwa gemu, Shirika la Afya Duniani linataka mambo matatu yaonekane kwa pamoja. La kwanza, mtu ameshindwa kujitawala: aanze lini, acheze kwa muda gani, aache wakati gani, katika mazingira gani. La pili, gemu limepanda juu ya mambo mengine ya maisha, likapita shule, kazi, chakula na watu. La tatu, anaendelea au anaongeza ingawa madhara anayaona. Juu ya hayo, maisha yake yawe yameumia kweli, na hali iwe imedumu kwa kawaida miezi 12. Kipindi hicho kinaweza kufupishwa iwapo dalili zote zimetimia na hali ni mbaya.

Hakuna idadi ya saa hapo, na haikusahaulika. Kucheza sana peke yake si ugonjwa, wala kucheza kila siku. Kijana anayecheza saa 5 kila jioni, akaamka akaenda kazini, akalipa hesabu ya mwenye pikipiki na Ijumaa akaonekana msikitini, ana mazoea mazito tu. Mwingine anacheza saa 3, lakini saa 3 hizo zinaanzia saa 8 usiku, na mtihani ni asubuhi. Huyo wa pili ndiye wa kumwangalia.

Waliothubutu kutaja saa ni timu ya Tao Ran wa hospitali ya jeshi mjini Beijing, katika vigezo vyao vilivyochapishwa mwaka 2010: kila siku saa 6 au zaidi zisizohusu kazi wala masomo, kwa miezi 3 au zaidi. Hata wao saa hizo ziliandamana na sharti la kuzama kimawazo, arosto (yaani mateso ya kuacha), na angalau dalili moja nyingine. Ukitumia saa 6 peke yake utawakamata nusu ya wauza nguo wa mtandaoni.

Kuandika siku 14

Kabla ya swali lolote la dodoso, pata wiki mbili za kumbukumbu. Wiki moja haitoshi kwa sababu mwisho wa wiki unaonekana mara moja tu, na ligi za Ulaya huvuruga Jumamosi na Jumapili za watu wengi.

Chukua daftari la kawaida la shule, piga mistari safu 6: saa ya kulala, saa ya kuamka, muda wa simu kwa aina ya matumizi (kazi au masomo, kuchati, video, gemu, kubeti), matumizi kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, kilichoachwa kwa ajili ya simu, na hali ya moyo dakika chache kabla ya kuishika. Safu hiyo ya mwisho watu huiruka. Isisitize. Ikijaa maneno kama "nimegombana", "nimechoka kukaa", "sipati usingizi", utakuwa umeshapata fununu ya kile simu inachofunika.

Mwenyewe ndiye anayejaza, kila asubuhi kwa siku iliyopita. Akijaza jioni ya siku ya 14 kwa mkupuo, daftari hilo litupe, anza upya.

Namba za simu yenyewe ni za kulinganisha na daftari, wala haziondoi haja ya daftari. Kwenye Android iliyowekwa Kiswahili ingia Mipangilio, kisha Nidhamu Dijitali: utaona muda wa kila programu, mara ngapi simu imefunguliwa na arifa ngapi zimeingia. Zinakili kila siku mbili tatu, maana simu haiwekei historia ndefu kila kitu. Halafu zisome kwa tahadhari, kwa sababu hizi:

Simu ya nyumbani hutumiwa na watu watatu. Saa 7 za simu ya mama zinaweza kuwa saa 2 zake, na 5 za katuni za mtoto.

Kusikiliza mawaidha au taarabu huku skrini imezimwa hakuonekani kwenye muda wa skrini. Kinyume chake, video iliyoachwa ikicheza hali mwenyewe kalala huhesabiwa kama kaiangalia.

Bodaboda huacha ramani au programu ya abiria wazi kutwa. Hiyo ni kazi. Itoe.

Mwenye laini mbili mara nyingi ana na simu mbili. Ukiona saa zimeshuka ghafla kutoka 8 hadi 2 wiki ya pili, usipige vigelegele. Uliza simu ya pili iko wapi.

Matumizi ya bando husaidia pale simu inapokuwa ya zamani. Saa moja ya video ya ubora wa kati hula kama nusu GB hadi GB moja, wakati kuchati kwa maandishi kutwa nzima hakuli hata robo ya hapo. Anayesema "nachati tu" na GB 3 zinaisha kwa siku, ana jambo jingine.

Sasa piga hesabu. Tuseme jumla ya siku 14 ni saa 84. Kazi na masomo ni saa 21. Zinabaki 63, sawa na saa 4 na nusu kwa siku. Kati ya hizo, 28 ziko baada ya saa 6 usiku, yaani saa 2 za usingizi kila usiku. Kwenye bando, shilingi 1,500 kwa siku ni 21,000 kwa wiki mbili. Iweke kando ya kipato chake cha siku hizo hizo. Namba utakayoitumia baadaye ni hiyo 28 kuliko ile 84.

Usipime Ramadhani. Watu hukesha kwa tarawehe na daku, mchana hulala, na saa za simu hugeuka kabisa. Usipime likizo ya Desemba kwa mwanafunzi, wala wiki ya mtihani. Lakini Ramadhani iliyopita iulizie sana, kama tutakavyoona.

Maswali 8 na namna ya kuyauliza

Kipimo kifupi cha Young kina maswali 8 ya ndiyo au hapana, kwa matumizi yasiyo ya kazi wala masomo tu. Kwa maneno ya kwetu ni haya:

1. Unajikuta unawaza mtandao hata usipokuwa nao, ulichofanya jana au utakachofanya ukishika simu?
2. Unahitaji muda mrefu zaidi na zaidi ili uridhike kama zamani?
3. Umejaribu mara kadhaa kupunguza au kuacha ukashindwa?
4. Ukipunguza, unakosa utulivu, unanuna, unakasirika upesi au unaingiwa na huzuni?
5. Unakaa mtandaoni kupita muda uliojipangia?
6. Umehatarisha au kupoteza uhusiano, kazi, shule au nafasi kwa ajili ya mtandao?
7. Umewadanganya ndugu, mshauri au watu wengine kuhusu ukubwa wa matumizi yako?
8. Unaingia mtandaoni kukimbia matatizo au kutuliza moyo mzito?

Kwa Young, ndiyo 5 zinatosha. Mwaka 2001 Beard na Wolf waliona tundu: maswali matano ya kwanza mtu anaweza kuyatimiza yote na maisha yake yasiharibike popote. Wakapendekeza 1 hadi 5 yote yawe ndiyo, na angalau moja kati ya 6, 7 na 8. Tumia huo wa pili. Wa kwanza unakamata watu wengi mno, hasa vijana, ambao swali la 5 hakuna asiyelijibu ndiyo.

Kila ndiyo ifuatishwe na "nipe mfano wa mwisho". Bila mfano, iandike kama hapana. Hivi ndivyo inavyokwenda swali la 3, mshauri akiwa mama mtu mzima na kijana ni bodaboda wa Kange:

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu, karibu ukae. Umeshajaribu kupunguza?

— Mara nyingi tu.

— Ya mwisho ilikuwa lini?

— Mfungo uliopita. Ile programu niliifuta siku ya kwanza.

— Ikawaje?

— Siku ya tatu nikairudisha. Usiku, tumetoka tarawehe. Nikasema naangalia mara moja tu.

— Ukaiweka chini saa ngapi?

— Daku ilinikuta nayo, mama.

Hiyo ni ndiyo iliyokamilika: kuna siku, kuna kitendo, kuna kushindwa. Linganisha na kijana anayejibu "ndiyo, mama yangu kila siku ananiambia nipunguze". Aliyejaribu hapo ni mama. Swali linamuuliza yeye.

Swali la 4 ndilo linalokosewa kuliko yote. Neno lake la mtaani ni arosto, na wazazi huona arosto kila wanapompokonya mtoto simu akarusha sahani. Mtu yeyote akinyang'anywa kitu chake hukasirika. Hiyo ni hasira ya kunyang'anywa. Unachotafuta ni hali inayodumu siku kadhaa baada ya yeye mwenyewe kupunguza, au umeme ulipokatika na chaji ikaisha bila mtu wa kulaumu: kukosa usingizi, kuzunguka nyumba bila kazi, moyo mzito, kuazima simu za watu. Muulize mara ya mwisho umeme ulipokosekana usiku mzima alifanya nini. Aliyetoka akakaa barazani na wenzake wakapiga soga hadi usingizi ukamjia, andika hapana.

Kuhusu "miezi 12 iliyopita", mtu hakumbuki mwezi kwa namba. Mpe alama za kushikilia: Maulidi, Ramadhani, msimu wa ligi, mtihani wa nusu muhula, harusi ya nduguye. "Kabla ya harusi ya dada yako ulikuwa tayari unakesha?" Kwa alama tatu nne utajua hali ina umri gani.

Usimhoji mzazi na mtoto pamoja. Mhoji kijana peke yake kwanza, kisha mzazi, kisha uwaweke pamoja kwa dakika chache mwishoni. Ukianza na mzazi, kijana ataingia ameshahukumiwa, na swali la 7 hutapata jibu lake.

Kipo pia kipimo kirefu cha Young, maswali 20, kila moja alama 1 hadi 5. Jumla ya 20 hadi 49 husomwa kama mtumiaji wa kawaida, 50 hadi 79 matatizo ya mara kwa mara, 80 hadi 100 matatizo makubwa. Ni kizuri kwa kufuatilia mtu yule yule kabla na baada ya ushauri. Kina kasoro moja ya uzee: kinauliza kama mtu anafungua barua pepe kabla ya kazi nyingine. Kwa kijana wa Ngamiani barua pepe ni ya kuombea kazi. Ukibadilisha ukaweka WhatsApp swali litaeleweka, lakini mipaka ya 50 na 80 haikuwekwa kwa swali hilo jipya, kwa hiyo isome kama fununu tu.

Ushahidi wa madhara

Hapa usitosheke na maneno ya mtu yeyote. Kwa mwanafunzi, omba daftari la mahudhurio na matokeo ya mihula miwili. Kwa bodaboda au dereva wa bajaji, siku ngapi mwezi uliopita hakufikisha hesabu. Kwa mama wa nyumbani, madeni ya bando na mikopo ya simuni. Kwa aliyeoa, uliza mara ya mwisho walikula pamoja bila simu. Ataanza kucheka, halafu atanyamaza.

Kipimo kingine kizuri ni kulala bila simu. Mkubaliane, kwa hiari yake, simu ilale chumba kingine kuanzia saa 4 usiku hadi asubuhi kwa siku 7. Mzazi asiifiche wala asiwe askari. Asubuhi anaandika tu "ilikaa" au "ilichukuliwa". Akiweza usiku 6 au 7 na usingizi ukarudi, kushindwa kujitawala hakujathibitika. Akishindwa usiku 4 au zaidi, naye ndiye aliyetaka kuweza, una ushahidi mzito kuliko dodoso. Hapa unapima tu, kwa hiyo akishindwa usimgombeze.

Kilicho chini ya simu

Sehemu hii ndiyo inayotofautisha mpimaji na mlalamikaji. Matumizi yaliyopitiliza mara nyingi ni moshi, na moto uko kwingine. Ukishika moshi ukauita ugonjwa, mtu atapokonywa simu na kubaki na maradhi yake.

Sonona ni ya kwanza. Asiyelala, asiye na hamu ya chakula wala ya watu, atashika simu kwa sababu haimdai chochote. Tumia PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27; ikifika 10 au zaidi mpeleke kwa mtaalamu bila kusubiri daftari liishe. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Likiwa na alama yoyote juu ya sifuri, safari ya Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni siku hiyo hiyo, na asiende peke yake.

Halafu kuna mwenye woga wa watu, anayechati vizuri lakini akikutana na mgeni jasho linamtoka. Yupo mtoto asiyeweza kutulia tangu darasa la kwanza, kabla hata hajaijua simu. Walimu wake wa zamani watakuambia. Yupo anayekesha siku 2 au 3 bila kuchoka, anaongea haraka, ananunua vitu mtandaoni na kugawa pesa, ana mipango mikubwa isiyo na kichwa wala miguu: huo ni msisimko wa ugonjwa wa akili, na ICD-11 inataka ihakikishwe kwanza kwamba si huo kabla ya kusema uraibu. Na kwa mji wa pwani kama huu, uliza bila aibu kuhusu unga, bangi na mirungi. Mtu hukesha kwa mambo mengi, simu ikiwa mkononi tu.

Kuna la binti ambalo halimo kwenye dodoso lolote. Msichana aliyebadilika ghafla, haachi simu hata chooni, anashtuka kila ikitoa mlio, anajibu ujumbe huku analia: huenda kuna mtu anamtishia kusambaza picha zake. Huyo si mraibu, ni mwathirika. Asifute chochote, asilipe, mpelekeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Akiwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Tofauti yake na uraibu utaiona kwa muda: hali yake ina umri wa siku au wiki, na ina tarehe ya kuanza.

Familia nyingine watakuwa wameshampeleka kwenye kisomo, au wanasema ni husda ya jirani. Usigombane nao kwa hilo, utampoteza mgonjwa. Waambie kisomo kiendelee na daftari lijazwe.

Cha kuandika kwenye rufaa

Neno uraibu lisiwepo kwenye karatasi yako. Andika ulichokiona, kwa mpangilio huu: aina ya matumizi, kiasi baada ya kutoa kazi, umri wa hali, mambo matatu ya ICD-11 kila moja na mfano wake, madhara na chanzo cha taarifa, alama za PHQ-9, na ulichokiuliza ukaona hakipo. Mfano:

"Mwanaume, miaka 20, bodaboda. Gemu la simuni, saa 4.5 kwa siku baada ya kutoa kazi, saa 2 kati ya hizo baada ya saa 6 usiku (daftari siku 14, limelinganishwa na simu). Ilianza kabla ya Maulidi ya mwaka jana, zaidi ya miezi 12. Kujitawala: alifuta programu Ramadhani, akarudisha siku ya 3, jaribio la simu chumba kingine, ameshindwa usiku 5 kati ya 7. Kipaumbele: ameacha mazoezi ya mpira tangu msimu uliopita. Kuendelea: hesabu haikufika siku 9 mwezi uliopita, mwenye pikipiki ameonya mara 2, bado anacheza. Maswali 8: ndiyo 1–5 na 6. PHQ-9: alama 7, swali la 9 sifuri. Habeti, hatumii kilevi kwa maelezo yake na ya kaka yake. Naomba tathmini."

Mgonjwa asomewe karatasi hiyo kabla haijafungwa, na akisema sehemu fulani si kweli, maneno yake yaandikwe chini yake. Bombo ndiyo ya kuanzia kwa wa mjini. Kwa wanaohitaji kulazwa kwa maradhi ya akili, mkoa una hospitali ya Lutindi, wilayani Korogwe. Weka tarehe ya kumuona tena baada ya wiki 6, urudie daftari la siku 14 na maswali yale yale 8, kwa mhojaji yule yule, na ukiweza saa ile ile ya siku. Bodaboda aliyehojiwa asubuhi kabla ya kazi na bodaboda aliyehojiwa saa 12 jioni akiwa amechoka ni watu wawili.